Wapandishe Ngazi Moja

Mjukuu wangu Wambui,

Huku mtaani Jericho tu wazima. Guka, babu yako, bado anabishana na redio, na redio inashindwa.

Umeniuliza uchague ipi kati ya bei tatu za kuezeka nyumba yako. Usiniambie "rahisi ghali". Huo ni uvivu wa kufikiri.

Nikiwa msichana, kibanda cha mama cha kushona sare pale sokoni Gikomba kilivuja, na masika yalikaribia. Mafundi watatu walitaja bei zao. Mama akawaita pamoja asubuhi moja, akawapandisha ngazi moja wakaone paa.

"Mbao utabadilisha?" akamuuliza wa bei ya chini.

"Hizi bado ngumu, mama."

Wa bei ya juu akaminya moja, ikamomonyoka kama biskuti kwenye chai. "Ngumu kama kichwa chako!"

"Basi tajeni bei upya," mama akasema. "Mbao mpya, bati nene, nyote."

Wawili wakapandisha. Yule ghali hakuongeza kitu, kwani mbao na bati nene alivihesabu tangu mwanzo. Sasa yeye ndiye aliyekuwa wa chini. Akapewa kazi, na sare zikabaki kavu.

Wambui, kila fundi amekuhesabia paa lake. Waambie wahesabu lako.

Shosho wako