Unga Mweupe Kwenye Trei za Miche

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nimeita kikao cha ukoo ili wifi yangu aondoke kwangu. Mimi naotesha miche ya nyanya na pilipili ya kuuza, nilianza na makopo matatu, leo trei zimejaa ua mzima na sikubebwa na mtu. Katika kila mbegu mia nilizosia zilikuwa zinaota tisini, sasa zinaota ishirini na tatu, nazo zinadumaa, ncha za majani zimeungua kama zimepitiwa na pasi, nikaongeza mbolea ndiyo kwanza zikafa, na juu ya udongo kumetanda unga mweupe, nikauonja: chumvi! Nani mwingine anayeshika kopo la chumvi humu ndani kama si wifi? Tangu nichimbe kisima changu cha kumwagilia roho inamuuma, siku ya kwanza tu alisimama na beseni la nguo akasema, "Wifi, maji yako haya yamegombana na sabuni, povu hakuna," nikamjibu, "Basi rudi ukapange foleni bombani." Na makopo yake mwenyewe, aliyoyapanga chini ya mchirizi wa bati, yameota yote! Nilipomuuliza alicheka: "Kila siku unalia mchuzi wangu hauna chumvi, ya kumwaga kitaluni ningeitoa wapi?" Wanangu wanalia kwa sababu ndiye anayewalea nikiwa kazini, naye ameshaanza kukunja nguo zake. Sili, silali. Namwonea, au nafuga nyoka?

Mama Miche

*

Mama Miche, pole, na jasho lako naliheshimu. Lakini hesabu yako umeikatia njiani. Unga wa kwenye trei uliuonja. Maji ya kisima je? Nenda sasa hivi, weka tone ulimini. Sabuni imekataa povu, makopo yanayonywa mvua yameota, trei zinazonywa kisima zimekufa: ushahidi umeuandika mwenyewe, kisha ukamfunga asiyehusika!

Ukimwagilia maji ya chumvi, jua linachukua maji na kukuachia chumvi, kesho unaongeza nyingine. Mbegu inashindwa kuyafyonza maji hayo; inalala kwenye unyevu na kiu yake. Na mbolea uliyoongeza ni chumvi juu ya chumvi. Iache.

Chukua trei mbili, udongo mpya, mbegu za pakiti moja. Hii ipe maji ya mvua, ile ya kisima. Toboa matundu chini, maji yapite. Miche michanga usiinyweshe kisima tena mpaka maji yapimwe; kwa sasa yasafishe sakafu.

Kikao usikivunje. Mwombe radhi mbele ya wale wale uliowaita wamfukuze. Ila mbegu zitachukua siku kadhaa kukujibu, na nguo za wifi yako zinakunjwa leo. Ulimi wako ukishathibitisha, usingoje trei wala Jumamosi: ingia chumbani kwake, ukazikunjue.