Msumari wa Kipimajoto

Kaka,

Huku tunachemka. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi, na chumvi imegeuka maji mezani.

Baba naye haambiliki. Kila saa sita mchana anatoka uani na daftari lake, anasimama mbele ya ule msumari wa ukutani, anaandika joto la leo. Msumari mtupu! Kipimajoto si uliondoka nacho wewe, ukasema ni kumbukumbu? Nimemwambia mpaka nimechoka. Ananijibu, "Hebu nipishe, nasoma."

Jana akaandika thelathini na sita. Redio nayo ikatangaza hiyohiyo. Nikacheka, nikampigia makofi. Akanitazama, akaniuliza kwa adabu mimi ni mtoto wa nani.

Kipimajoto kirudishe. Kilete mwenyewe, usimpe mtu.

Ni mimi mdogo wako. Wewe angalau unanijua.