Mlango Ulioubeba Begani

Baba yangu,

Shikamoo. Itikia huko huko uliko, mimi nitajua umeitikia.

Sina bahasha. Mama wa uji, anayeruhusiwa kuingia hapo uwanjani mlikofungiwa, ataibeba barua hii wazi, na atakayetaka kuisoma aisome. Naandikia uani. Mlango wa chumba chetu nimeulaza juu ya vinu viwili, ndiyo meza yangu. Usishtuke kwamba nimeung'oa, nitakueleza.

Unakumbuka kiwanda cha nguo kilipokosa vipuri, wakawaambia ninyi wazee mkapumzike? Ulirudi ukakaa kitandani na viatu miguuni mpaka jioni. Mikono yako ilijua mashine za kufuma tu. Umeshaitwa babu, uanze kujifunza kazi? Lakini ukaenda kwa wauza vyuma chakavu mtaa wa Gerezani ukapata kichwa cha nyundo, mpini ukauchonga mwenyewe. Misumari haikuwepo madukani, ukawa unaokota ya masanduku mabovu pale sokoni Kariakoo, unainyoosha juu ya jiwe. Hadija mwanangu alikuwa analala kwa mlio huo.

Na ndicho kilikuwa kipindi cha misako. Asiye na kitambulisho cha kazi anapandishwa lori, anapelekwa mashamba ya mbali. Mafundi waliokaa kwenye kona kusubiri wateja ndio walioanza kuchukuliwa, na nyundo zao mkononi. Ulifikiri sana, baba. Asubuhi moja nikakuona unauchomoa mlango wetu kwenye bawaba.

"Anayetembea mikono mitupu ni mzururaji," ukaniambia. "Mwenye mlango begani ana mahali anakwenda."

Nilicheka, nikatundika kanga mahali pake. Kila asubuhi ukaondoka nao, jioni ukaurudisha. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, akawa ananiuliza mlango wake unasoma darasa la ngapi. Na kazi hukupata. Ulikuwa unapita Msimbazi mbio na lile libao begani, nani angekusimamisha akuulize kama unaweza kutengeneza kiti?

Mpaka siku ile. Nilikuwa uani nafua, Hadija mgongoni, nikasikia sauti yako inapiga hodi. Hodi ya nini, na ni kwako? Nikainua macho. Nyuma yako amesimama kijana wa mgambo, na wewe uso umepauka kama majivu.

"Mama, nimeleta mlango," ulisema, kama hunijui.

Mungu ndiye aliyenipa ulimi. Sikukuamkia, ndiyo maana leo nimeanza na shikamoo.

"Fundi, umechelewa," nikasema. "Tangu asubuhi nimekaa na kanga mlangoni kama nyumba yenye msiba."

Mgambo akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akakaa. Alitaka kuona kwa macho yake kama kweli kuna mteja aliyekuwa anausubiri mlango. Hadija alikwishakuona, akawa anajinyoosha kutoka mgongoni, mikono yote miwili kwako, analia. Nikazidi kumkaza kwa kanga.

"Mtoto anakutaka, mzee," akasema yule kijana.

"Watoto hawachagui," ukajibu, wala hukumtazama.

Ukaupachika mlango. Mgambo akasema ufunge tuone. Na mlango ule, unaujua, tangu tuhamie unakwaruza sakafu, haufungi mpaka uunyanyue kwa goti. Ukakwama pale pale unapokwama siku zote. Akacheka, akauliza huyu ni fundi wa wapi.

Ulichuchumaa ukautazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza uliutazama kama mlango, si kama kitambulisho. Ukavua kandambili ya kulia, ukaomba kisu, ukakata kipande cha mpira kwenye kisigino. Ukaibandua bawaba ya chini, ukakiweka kile kipande nyuma yake, ukaigongelea tena kwa ile misumari yako uliyoinyoosha. Halafu ukausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukajifunga wenyewe, kimya.

Mgambo akainuka. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena kama mtoto. Akaniambia nimpe fundi maji ya kunywa, akaenda zake.

Ulikaa kizingitini muda mrefu, Hadija amekuparamia shingoni, mimi nimesimama tu na kikombe cha maji. Nilidhani utanikanya kwa kukusemesha vile. Ukasema, "Umeniita fundi. Niite tena."

Nikakuita.

Kuanzia hapo Bi Mwanaidi akakupa kitanda chake kilichokuwa kinalia, akafuata jirani na jiko la mafuta ya taa, na yule muuza nazi wa hapa mtaani na kigoda chake. Mlango ukabaki mahali pake. Ulisema sasa watu wanakujua, huna haja ya kuubeba, nami nikaamini. Juzi ukatoka kwenda kutengeneza kabati Mchikichini, ukakaa kivulini kidogo upumzike, na watu wa msako wakakukuta umekaa.

Jana tulikwenda ofisini kwao na Bi Mwanaidi. Ndugu aliyekuwa mezani alituuliza, kazi gani hiyo isiyo na mwajiri? Bi Mwanaidi akamwambia, "Mwajiri wake huu mgongo wangu, siku hizi unalala." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema tulete ushahidi kabla ya lori kuondoka, yaani kesho asubuhi.

Baba, naogopa. Kila lori likinguruma huko barabarani nasimama. Lakini tumaini ninalo. Kesho tunaenda wote: Bi Mwanaidi na mbao za kitanda chake, jirani na jiko, muuza nazi na kigoda. Mimi nitabeba mlango kichwani, Hadija mgongoni. Na kama yule mgambo ataisoma barua hii, asome tu. Ni kweli, mlango ulikuwa wa chumba chetu na mimi ni mwanao. Lakini kazi aliyoiona ilikuwa kazi.

Kile kipande cha mpira nimekitoa nyuma ya bawaba, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nitawaambia wakilinganishe na kisigino chako. Kwa hiyo nakuomba jambo moja, fundi. Wakikupa viatu vya shamba, vikatae. Wenzako wakicheka kwamba unatembea na kandambili iliyomeguka, waache wacheke. Usiivue mpaka nifike.

Mteja wako wa kwanza,
Mwanao, Mama Hadija