Jitu la Mikono Mirefu

Musyoka, ndugu yangu,

Jumapili, baada ya kanisa, mimi na Saitoti tulirudi kwao kucheza ule mchezo wetu wa mashujaa na majitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike kule Kimana. Mimi sikutaka kwenda. Nilijua ubao uko vile tulivyouacha, maana sheria ya Saitoti, msimamizi wetu wa mchezo, unaijua: pambano likikatizwa, hakuna kugusa kitu. Hata mama yake hupangusa ile meza akizunguka ubao.

Basi tulikuta jitu letu, lile gunzi la mahindi, limesimama katikati ya miraba. Kando yake, shujaa wako, kile kifuniko cha soda ya machungwa.

Unakumbuka tulivyogombana? Jitu lina mikono mirefu, linafika miraba mitatu kila upande, na ukipita humo, ukiingia ama ukitoka, linakupiga kabla hujainua upanga. Mimi nilitaka turushe mikuki kutoka mbali kama watu wenye akili. Wewe ukasema, "Zii, hii kitu dawa yake ni kuingia hadi kwa kifua." Ukaingia peke yako, ukapigwa njiani, ukabaki na uhai kidogo sana. Ulicheka kama mtu aliyeshinda! Wiki iliyofuata ukalazwa.

Dada yako Mueni alikuja, akakaa kwenye kiti chako. Saitoti akamweleza polepole. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hivyo bado ako hapo?"

Kutoka ungepigwa, na pigo moja lingekumaliza. Nilimwambia Saitoti akutoe tu, si ni mchezo. Akakataa, macho yamejaa machozi. Alisema wewe mwenyewe ungeita huo wizi, na hapo hakukosea. Wewe hukuniruhusu kurusha tena hata dadu iliyoanguka chini ya kiti.

Lakini jitu hupiga anayepita mara moja tu kwa kila mzunguko. Pigo likishaenda kwa mwingine, wewe uko huru. Nikamkimbiza shujaa wangu mbele ya lile gunzi, naye pia alikuwa hoi. Saitoti akarusha dadu, akaitazama, akasema, "Pole, Kamau. Shujaa wako ameenda."

Mueni akakusukuma kwa kidole, mraba kwa mraba, hadi nje ya ile mikono. Tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Halafu tukalia, sote watatu, bila aibu.

Nimekukosa, Musyoka. Nimekukosa vibaya. Nakuahidi Mueni hatakaa nyumbani peke yake Jumapili, nitampitia kila mara, na mchezo nitamfunza hata akinishinda.

Pumzika sasa. Kule hospitali nilikaa kando ya kitanda chako nikitamani ule ugonjwa unigeukie mimi, na haukunigeukia. Hili pigo moja niliruhusiwa kulichukua, nikalichukua.

Wako,
Kamau