Makoo Matatu ya Bunduki ya Baba

Ndanda,
21 Oktoba.

Baba yangu Mwalimu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Nijulishe jicho la kulia linaendeleaje tangu uanze dawa ya matone, na kama kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi huku wodini ninakohudumia wagonjwa ni mzima wa mwili. Desturi ya barua inanitaka niseme na moyo pia ni mzima, lakini nitakuwa nakudanganya, na uongo katika nyumba yetu umetosha. Nina hasira, Baba. Simu ungenikatia, ndiyo maana nimeandika, tena kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, ili usome mwenyewe polepole, asikusomee Chrispin.

Hasira hii ilianza Jumapili ya mavuno, wazee wa kanisa walipokuja kula nyumbani. Tulikuwa na kanga wanne wa nazi siku ile. Mimi nilishika jagi na beseni, nikawanawisha wageni mikono mmoja mmoja. Ukawaambia kwamba macho yako yamechoka, na kwamba tarehe thelathini utakwenda na Chrispin kwa mtendaji wa kijiji, kisha polisi Masasi, kuanza taratibu ili bunduki iwe yake. Ukasema nyumba hii inakula kanga kwa sababu ya mdogo wangu, na kwamba mimi nina bahati, dada mtu mzima analishwa na mdogo wake. Wazee wakacheka. Nami nilicheka, nikamwaga maji nje ya beseni.

Kisha ukawapa somo, kama vile bado uko darasani. Ukawaeleza vile vyuma vitatu vya kuskrubu kimoja kimoja ndani ya mdomo wa bunduki, ambavyo wewe huviita makoo. Ukasema koo pana huyatawanya marisawa, zile punje za risasi, mapema, hilo ni la ndezi anayechomoka kwenye nyasi hatua kumi na tano mbele yako. Koo jembamba huyabana yaende mbali yakiwa pamoja, na ukilitumia karibu utaokota manyoya badala ya nyama. Koo la kati ndilo la kanga, hatua thelathini, thelathini na tano. Ukasema kuchagua koo ndiyo akili yenyewe ya uwindaji, kulenga hata mlevi hulenga, na kwamba Chrispin hajawahi kukosea kuchagua. Mzee mmoja akauliza kama na binti naye anajua haya mambo. Ukamjibu kwamba mkono wa mwanamke huotesha bunduki kutu.

Maneno hayo nayajua tangu nina miaka kumi na miwili, kule Newala ulikokuwa ukifundisha. Nilitoka kupanga foleni ya maji tangu alfajiri, nikatua ndoo, nikaikuta bunduki mpya mezani, nikaigusa. Ulinitandika, ukanifukuza barazani. Baada ya hapo kila jioni ulikaa na Chrispin ukimfundisha, naye akichora magari mchangani. Mimi nilikuwa natwanga hatua tano kutoka hapo. Uliyemfundisha ni yeye, aliyesikia ni mimi.

Sasa nije kwa mbwa. Siku mbili baada ya wazee kukusifia mwanao, Chrispin alitoka peke yake na bunduki, kichwa kimevimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akaona kanga juu ya kichuguu, ng'ambo ya mpaka wa shamba la Mzee Nikolao, zaidi ya hatua sitini. Bunduki ilikuwa na koo pana tangu tulipokwenda kuwinda ndezi. Hakutazama. Akapiga. Kanga hata unyoya haukuanguka, marisawa yakatapakaa kama mbegu za mtu anayepanda kwa hasira, yakampata Mtajuana, mbwa wa Mzee Nikolao. Mzee wa watu akamleta kwa toroli, amemfunika shati lake, na wewe, mzee wa kanisa, ukamwambia afunge mbwa wake. Pole hukumpa.

Mimi ndiye niliyekaa chini na kibanio na spiriti nikatoa marisawa saba. Na wewe hukwenda kule mpakani, mimi nilikwenda. Hatua kumi kutoka pale mbwa alipoangukia, wajukuu wawili wa Nikolao walikuwa wanaokota korosho. Wawili, Baba, mkubwa ana miaka sita. Niliporudi nilitaka kukueleza, nikakukuta unamwambia Chrispin asijali, hata wawindaji wakubwa hukosa.

Hapo ndipo niliposhindwa. Sikia basi, na ukae kitako kabla ya kuendelea kusoma.

Chrispin hajawahi kuua kanga hata mmoja. Wale wote mliokula kwa miaka mitatu niliwapiga mimi. Hukuwahi kujiuliza, Mwalimu wa hesabu, kwa nini kanga huliwa hapo nyumbani Lupaso nikiwa likizo tu? Tulikuwa tunatoka wawili, yeye na bunduki, mimi na kikapu, na tukishavuka mikorosho tunabadilishana. Zile Jumapili mbili nilizosema tumbo linaniuma, sikuwa naumwa. Nilitundika karatasi za mifuko ya saruji kwenye shina la mkorosho, nikajaribu kila koo kwa kila umbali, nikahesabu matundu. Ule mlio uliousikia kanisani ukasema majirani wanafukuza ngedere, ulikuwa wangu. Mama anajua. Alinikuta narudi na kanga ndani ya kitenge, akampokea akaanza kumnyonyoa. Usimgombeze.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mara ya kwanza ulimkuta Chrispin amewashika kanga miguu, ukamkumbatia. Hukuwa umemkumbatia tangu afeli kidato cha nne. Nilimwona alivyofumba macho kifuani pako, nikamwonea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomtia marisawa mbwa wa watu, na kesho itamtia mtoto. Kosa hilo ni langu. Leseni ilikuwa yako, sikuwa na ruhusa, na kama kuna adhabu nitaibeba. Lakini kilemba cha ukoka ulimvika wewe, na tarehe thelathini unataka kumvika mbele ya serikali.

Tena nimechukua kitu. Nilipoondoka tarehe kumi nililifungua koo lililokuwamo, nikachukua na yale mawili mengine, nikaja nayo yote Ndanda. Yako mezani kwangu ndani ya kopo la mafuta ya mgando, pamoja na ufunguo wake. Bunduki isipigwe hivyo, mdomo wake utaharibika. Leo ni siku ya kumi na moja. Umeniambia kwenye simu kwamba Chrispin anaipangusa kila jioni mbele yako, na kwamba mikono yake imekuwa mikono yako ya zamani.

Basi jioni hii mwambie ailete. Muulize ina koo gani. Atakujibu, namjua. Kisha uikunje kama ulivyomfundisha Chrispin, upapase kuhakikisha haina risasi, na uingize kidole chako mwenyewe mdomoni mwa bunduki. Macho hayahitajiki. Utapapasa nyuzi za skrubu, tupu.

Ukishapapasa, nipigie. Nitaomba ruhusa, nije na kopo langu. Bunduki ukitaka irudishe serikalini, nitaridhika. Ila wazee wale wale uwaite tena, na siku hiyo Chrispin ndiye ashike jagi.

Mama mwambie apunguze kulala karibu na moshi. Mzee Nikolao mpelekee pole yako kwa miguu yako, na umwambie mbwa hakuwa na kosa.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ambaye kwa jina lake kijiji kizima kinakuita Baba,

Yuster