Maji Yalipopiga Hodi

Duka la Mikate,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi.
Jumapili jioni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na hao matajiri unaowapikia hawajakumaliza. Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri ila miguu bado inamvimba, na kila asubuhi anauliza kama umeandika.

Kwanza jipongeze kwa kuwa na mdogo kama mimi. Mafuriko yamepiga mtaa mzima, duka kwa duka, na mimi peke yangu nimetoka kavu kama tosti. Nina bahati ya kuazimisha watu! Mtu aliyezunguka dunia kama mimi, akalala kwenye bandari za watu, hatishwi na maji ya mtaro. Kwa hiyo swali lako nimelijibu. Ulisema ukisikia duka limepona, unaaga kazi mwisho wa mwezi uje tuoke wote. Mama ameshakutandikia kitanda.

Lakini mtaa, dada, umekwisha. Mtaro uliziba, mvua ikashuka, maji machafu yakafika kiunoni. Kinyozi ameanika viti vyake barabarani, sponji zinanuka hadi stendi. Yule mama mshonaji, vyerehani vyake vimeshika kutu. Anashika gurudumu kwa mikono miwili, halizunguki, naye anang'ang'ana tu. Nikamtania kwamba leo amekuwa nahodha wa meli. Siku nyingine angenirushia mkasi. Safari hii hakuinua hata uso.

Fundi viatu, yule tunayemwita Waziri, nimemkaribisha kwangu. Anagonga soli juu ya meza yangu ya kukandia unga. Nimemwambia akae mpaka achoke. Atachokaje, na wateja hakuna? Tunakaa wawili tunautazama mlango.

Juzi walikuja watu wa ofisi inayosaidia biashara ndogo. Wanapita mlango kwa mlango, unawaonyesha kilichoharibika, wanaandika. Mlango wakishaupita hawaurudii. Mama mshonaji ameahidiwa vyerehani, kinyozi viti, Waziri vifaa vyake vyote.

Walipofika kwangu, mtaa mzima ulikuwa unawafuata nyuma kama harusi. Bibi mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Na wewe mwokaji, maji yamekufanyia nini?"

Nikaegemea mlango, mkono kiunoni. "Maji? Yalipiga hodi, nikayaambia tumefunga, njooni kesho!"

Dada, watu walicheka! Hata mama mshonaji alicheka, mara ya kwanza tangu balaa hili. Yule bibi naye akacheka, akaandika, akapita. Waziri tu ndiye aliyenivuta shati. "Mwite arudi, mpumbavu wewe." Nikamwambia anyamaze, uwaziri wake unaishia kwenye viatu.

Shangazi anakusalimu sana. Wanangu nao wanakusalimu, na yule mdogo anataka umletee viatu vinavyowaka taa. Wasalimie mashoga zako wa jikoni. Mungu akufunike, akulinde huko ugenini, na mikono yako isichoke.

Hapa ndipo nilipotaka kuweka sahihi, mkono umekataa.

Dada, usiache kazi. Nimekudanganya. Maji yaliijaza oveni mpaka juu, mota imekufa, unga wote umekuwa tope. Niliegemea ule mlango ili yule bibi asione ndani, maana watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kesho yake nilikwenda ofisini kwao, nikaomba, nikapiga magoti. Wakaniambia duka langu limeandikwa zima, na orodha imefungwa. Mama bado hajui. Mimi sina bahati yoyote, na duka la kujia halipo.

Mdogo wako akupendaye, na aibu zake zote.