Goti la Rudayna na Jicho la Shahinaz

Bi Inshirah mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka.

Binti yangu Rudayna ana miaka kumi na miwili na anacheza skwoshi klabuni kwetu hapa Aleksandria, na sijisifu lakini hata Kepteni Wagdi, kocha wake, anasema mtoto huyu ana mkono wa dhahabu, ila tatizo ni kwamba katika klabu hiyo hiyo anacheza Kenzi, binti wa Shahinaz, na Shahinaz ni mke wa shemeji yangu, kwa hiyo nikimkwepa klabuni nakutana naye Ijumaa mezani kwa mama mkwe, na kila Ijumaa ni Kenzi kashinda hiki, Kenzi kapigwa picha na kile, na mama mkwe anamchagulia Kenzi paja la bata huku mwanangu akipewa shingo. Shingo, Bi Inshirah! Nina wivu, sikufichi, wivu wa kunichoma kifua.

Sasa tangu Idi ipite Rudayna amerefuka ghafla, suruali zote zimekuwa fupi, na chini ya goti la kulia pametokea donge gumu linalouma akiruka, akikimbia, hata akishuka ngazi. Daktari alilibonyeza tu mtoto akapiga kelele, akasema mfupa unakua mbio kuliko misuli, kano ya goti inavuta pale ambapo mfupa bado ni laini, ndiyo maana pamevimba, apumzike mpaka maumivu yatulie. Mimi moyoni nikasema huu si mfupa, hili ni jicho la hasidi. Kwani Ijumaa iliyotangulia Shahinaz si alimtazama miguu akasema, "Ehe, Rudayna, mashallah, utatupita sote kwa urefu!" Mashallah yenyewe aliitolea puani. Nikakata mwanasesere wa karatasi, nikamtoboa kwa sindano nikitaja jina la Shahinaz, nikamchoma pamoja na shabu, lile jiwe la kuondolea husuda linaloonyesha sura ya hasidi, na wallahi shabu ilipoyeyuka ikatoka na umbo la pua yake kabisa.

Tangu hapo naficha. Rudayna hawezi kupiga magoti, anaswali kitini, kwa hiyo tukiwa kwa bibi yake namfungia chumbani aswali asionekane. Lakini Shahinaz naye ana macho. Alinivuta jikoni: "Mama Rudayna, mtoto anachechemea. Kenzi alipatwa na kitu kama hicho kisiginoni mwaka juzi, tukampumzisha msimu mzima. Mpumzishe, dada."

"Anachechemea nani? Kiatu kinambana!"

Ubingwa wa taifa unaanza Alhamisi na Kenzi yumo, ndiyo maana anataka wangu akae nyumbani!

Kuna mtu wa duka la dawa anasema atamchoma sindano ya goti asubuhi ya mechi asisikie kitu. Mume wangu Hisham hajui. Rudayna anasema, "Nitacheza, Mama, usikasirike tu." Nimchome, au nimwache Shahinaz afurahi?

Mama Rudayna, Aleksandria

*

Mama Rudayna,

Sindano hapana. Nimeanza na hilo usije ukachoka kusoma kabla ya kulifikia. Maumivu yanamwambia mtoto aache. Ukiyanyamazisha, ataruka na kutua kama mzima, na pale kano inapovuta mfupa unaweza kubanduka. Hapo hutazungumzia Alhamisi, utazungumzia upasuaji.

Nakuhurumia, mama. Shingo ya bata inauma, hata mimi nina mama mkwe. Lakini hebu fikiri kidogo. Shahinaz alikuvuta jikoni, hakukusema mezani mbele ya watu, akakupa bure siri ya ushindi wa binti yake, nawe ukamjibu habari za kiatu. Angekuwa hasidi angenyamaza, akamwacha Rudayna acheze mpaka goti limshinde. Kikulacho ki nguoni mwako, ni huo wivu, hakijaketi ng'ambo ya meza.

Karatasi na shabu choma utakavyo, sikugombezi kwa hilo. Nakugombeza kwa kumfungia mtoto chumbani aswali kwa kujificha, kana kwamba goti lake ni aibu ya ukoo. Mficha uchi hazai! Tena soma upya maneno yake. Hakusema anataka kucheza. Amesema usikasirike.

Basi leo hii mwambie Hisham. Mpigie Kepteni Wagdi aondoe jina la Rudayna kwenye ubingwa. Mrudishe mtoto kwa daktari, uulize ni lini aanze kunyoosha misuli ya mapaja na nani amwelekeze. Goti likiuma, barafu ndani ya kitambaa, na kuruka kusubiri mpaka aruhusiwe. Kwa watoto wengi haya huisha mfupa ukikomaa, wala hayawazuii kurudi uwanjani. Ila goti likiwa jekundu na la moto, akipata homa, au maumivu yakimwamsha usingizini, hospitali siku hiyo hiyo, maana hayo ni mambo mengine.

Kisha mpigie Shahinaz umuulize Kenzi alitibiwa na nani. Simu itakuwa nzito kama tofali. Piga hivyo hivyo.

Alhamisi nenda mashindanoni na Rudayna, mkae pamoja. Kenzi akishinda, piga makofi, hata kama viganja vinawaka moto. Rudayna hatakuwa anatazama mpira. Atakuwa anakutazama wewe, ajue kama bado ni mwanao hata asipocheza.